Mguu wa Shemeji Rusigwa

Siku waliyoniaga kazini walinipa kitenge, birika la umeme na dakika mbili za kuwausia vijana. Mshereheshaji aliutazama mlango wa jikoni kuliko alivyonitazama mimi, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa, na ninyi wauguzi wapya mlikuwa mmeshaanza kupanga foleni kwa macho. Nikasema asanteni, Mungu awabariki, nikakaa. Mlinipigia makofi ambayo hata bwana harusi hapigiwi. Sasa niko nyumbani, pilau limeshaliwa na hakuna wa kunionyesha saa, kwa hiyo nitasema yale niliyoyameza siku ile.

Jina langu Skolastika, ingawa anayelitumia lote ni padri tu. Kwenu nilikuwa Sista, na najua mtaendelea kuniita hivyo hata mkinikuta juu ya bodaboda nimekumbatia kuku. Nimefanya kazi wodi za upasuaji, Kibondo kwanza kisha Kasulu, mpaka magoti yangu yakaanza kunihitaji kuliko wagonjwa. Nimeona mengi yakibadilika: mashine, dawa, sare, hata urefu wa kucha zenu. Adui mmoja tu sijamwona akibadilika, naye ni damu inayoganda mahali ambapo hakuna aliyeiomba igande. Ukijikata kidole unaishukuru kwa kuganda. Ukitoka kupasuliwa, damu hiyo hiyo inaweza kukuua huku ndugu zako wanakumenyea machungwa.

Aliyenifundisha kumwogopa adui huyo ni Bi. Zuhura, matroni aliyeletwa kwetu na serikali kutoka Tanga na ambaye hakuwahi kuisamehe baridi ya Kibondo. Alivaa sweta ndani ya sare. Wakati ule tulikuwa tunamchukulia mgonjwa aliyepasuliwa kama yai: alazwe, afunikwe, asiguswe. Bi. Zuhura alikuwa na mawazo mengine. Asubuhi iliyofuata siku ya upasuaji aliweka ndoo ya uji mwisho wa wodi, karibu na dirisha, akatangaza kwamba uji hauna miguu. Wagonjwa walinuna, ndugu wakanung'unika, lakini uji ulikuwa na sukari na karanga. Haikupita muda ungewaona wanaume wazima wameshika matumbo, wanasogea taratibu kuelekea dirishani, kila mmoja na kikombe chake.

Mwenyekiti wa kitongoji kimoja alikuja kulalamika kwamba mdogo wake anatembezwa kama mwanafunzi aliyechelewa namba. Bi. Zuhura alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu zote za pwani, kisha akamwambia, "Basi alale, baba. Uji nitampelekea kitandani, na sanda nitaibeba safari hiyo hiyo, nisije nikarudi mara mbili." Mwenyekiti akaenda mwenyewe kumwinua mdogo wake. Nilipomuuliza Bi. Zuhura baadaye kwa nini anawatesa watu, alinijibu kwamba damu haipendi kukaa kitako. Ikikaa sana inaanza kusengenyana, na ikisengenyana inashikana. Nimesoma maelezo marefu zaidi vitabuni tangu hapo, lakini hayajawahi kunisaidia kumwamsha mgonjwa.

Baadaye zikaja sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda. Ninyi mnazichoma kama mnaotundika nguo kambani, lakini sisi tulipoanza, kila sindano ilikuwa kesi. Nikiwa Kibondo tuliletewa bibi mmoja Mrundi kutoka kambi ya Nduta. Alikuwa amevunjika paja, amepasuliwa, na hawezi kuinuka. Nilipofunua tumbo akaukamata mkono wangu. "Oya, mwana wanje," akasema, yaani hapana, mwanangu, "aliyeanguka ni mguu. Tumbo limekosa nini?" Nikamwambia tumbo halijakosa kitu, ila ndilo lenye nyama, mguu wake wote ulikuwa mfupa na hasira. Akacheka mpaka akaniachia mkono, nami nikachoma. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta kicheko kwanza, sindano baadaye.

Na ukishachoma, usisugue. Tuliwahi kuwa na mwanafunzi mwenye huruma nyingi ambaye alilisugua tumbo la mama mmoja kana kwamba anakanda unga wa mandazi. Kesho yake mume alipoona doa la zambarau alikuja ofisini kwetu kuuliza, kwa upole wa kutisha, nani pale wodini ni bondia. Ilibidi tumkalishe chini tumweleze kwamba dawa ile inafanya damu isigande upesi, na ukisugua inavuja chini ya ngozi. Alielewa, ila mwanafunzi yule aliomba abadilishiwe wodi.

Hayo yote ni ya hospitalini, na hospitalini mgonjwa ni wako. Kazi ngumu huanza akirudi kwao. Ndiyo maana nataka kuwaeleza habari za shemeji yangu Rusigwa.

Rusigwa amemwoa dada yangu, binti wa baba mkubwa, tunayemwita Mama Devota. Wanaishi Rungwe Mpya, wanalima kahawa, ndizi, na kwa miaka mingi tumbaku. Tumbaku hiyo Rusigwa aliikausha kwenye bani, kibanda cha kukaushia alichojenga mwenyewe, na ile iliyokosa mnunuzi aliivuta ili isiharibike. Ndivyo alivyonieleza nilipomuuliza, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Kwa kuwa ni shemeji yangu, mimi nina ruhusa ya kumtania na yeye ana ruhusa ya kununa, na ruhusa hizo tumezitumia vizuri wote wawili.

Kabla hatujajua kwamba anaumwa, kijiji kizima kilidhani amegeuka kuwa mdaku. Alikuwa hapiti shamba la mtu bila kusimama. Anasimama, anashika kiuno, anayatazama maharage yako, anasema mistari imebanana. Anasogea kidogo, anasimama kwa mwingine, anauliza kwa nini mgomba huu haukupunguzwa machipukizi. Watu wakambandika jina la Bwana Shamba. Wengine walikuwa wakimwona anakuja wanachukua jembe haraka na kujifanya wanapalilia. Kumbe shavu la mguu wake wa kulia lilikuwa linamkaza kwa maumivu kila akitembea, na kuachia akisimama. Mwanaume wa heshima zake hawezi kusimama njiani kwa sababu ya maumivu, basi akasimama kwa sababu ya maharage ya watu.

Kwa hiyo ninyi mlioko zahanati, mkiona mzee mvutaji tumbaku ameanza ghafla kukagua mashamba, mwambieni avue kiatu. Mishipa inayopeleka damu mguuni huziba polepole kwa mafuta na moshi. Mguu ukiwa umetulia unaridhika na damu kidogo inayofika, lakini ukitembezwa unadai zaidi, na hakuna. Hayo ndiyo maumivu yale, na hayaondoki kwa dawa ya kuchua.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Rusigwa alikuja kwangu hospitalini kidole gumba kikiwa kimeshakuwa cheusi, amekifunga kitambaa, anasema amejikwaa. Nilishika unyayo, ukawa wa baridi. Nikatafuta mapigo kwenye mgongo wa unyayo kwa vidole vyangu, nikakuta kimya. Daktari wetu, kijana mtulivu kutoka Moshi, akamwandikia rufaa ya kwenda Mwanza na kumweleza bila kumficha kwamba wakichelewa, mguu utakatwa.

"Daktari," Rusigwa akasema, "mimi sizikwi kwa awamu. Mguu ukienda, nakwenda nao siku hiyo hiyo."

Sisi tuliomzunguka tulicheka kidogo, isipokuwa dada yangu, ambaye alikuwa anatazama sakafu. Alimjua mumewe. Nami nikamtazama shemeji yangu vizuri nikaona hatanii: akiambiwa akatwe, atarudi nyumbani kulala na mguu unaooza mpaka afe nao. Tangu saa ile sikuwa tena na mgonjwa wa mguu. Nilikuwa na mtu ambaye uhai wake wote aliufunga kwenye mguu mmoja wa kulia, na nikaogopa.

Mwanza walifanya kazi nzuri. Walichukua mshipa kutoka paja la pili wakautumia kama barabara ya mchepuko, damu ikapita pembeni ya pale palipoziba. Kidole cheusi kilibaki huko huko, na Rusigwa hadi leo husema ana mtu wake Mwanza. Alirudi na maagizo mepesi kusema: meza vidonge vyako kila siku, tembea kila siku, na tumbaku iwe mwisho. Vidonge, ili damu isishikane ndani ya mshipa mpya. Kutembea, ili damu isilale, mguuni wala kwingine kokote. Ile barabara ya mchepuko ikiziba, hapakuwa na uhakika wa kupata nyingine.

Sasa sisi Waha tuna tabia moja: tukikupenda, tunakukalisha. Mtu aliyekwenda Mwanza akapasuliwa akarudi mzima hatakiwi kunyanyua hata kikombe. Rusigwa aliwekewa kiti chenye mito karibu na mlango, mguu juu ya kigoda, na wageni wakamiminika. Salamu zetu mnazijua. Mpaka mmemaliza kupigiana viganja na kushikana mikono na kuulizana habari za watoto, ng'ombe na mvua, chai imeshapoa. Alizipokea zote akiwa amekaa pale kama mwami, mtawala wetu wa zamani. Binti yake Devota alimtumia kutoka Dar es Salaam soksi ndefu za kubana, kwa sababu jirani yake alivalishwa za namna ile baada ya kujifungua kwa upasuaji. Shangazi yake Rusigwa alikuja na mawese ya moto kumchua. Kila mmoja alileta upendo wake, na kila upendo ulikuwa unaelekea kuuua ule mguu.

Nilipofika nilianza na soksi. Soksi zile ni nzuri kwa wengi, lakini mguu ambao damu inafika kwa shida ukiubana unamnyang'anya maskini sahani. Nikazivua mwenyewe. Shangazi nilimwomba ayapeleke mawese jikoni, kwenye maharage, ndiko yanakojulikana. Mguu uliopasuliwa namna ile hauchuliwi wala haukandwi kwa maji ya moto. Ngozi yake haihisi joto sawasawa, unaweza kuuunguza na mwenyewe akakuambia endelea. Shangazi hakunisalimia kwa muda mrefu baada ya siku hiyo.

Tumbaku ilishughulikiwa na dada yangu. Aligundua kwamba Rusigwa ameficha kiko ndani ya bani. Hakugomba. Aligeuza bani kuwa banda la mbuzi, na tangu hapo shemeji yangu akitaka kuvuta ilimbidi kwanza apatane na beberu mmoja mwenye pembe, ambaye hakuwa mtu wa mapatano.

Kutembea ndiko kulikotushinda. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamtolea mfano wa ndoo ya uji. "Nitembee niende wapi, shemeji?" akaniuliza. "Shamba lina vijana. Ng'ombe wana mchungaji. Mtu mzima akitembea bila safari, kwetu huyo anatafutiwa kamba." Mwambie mtu wa Dar atembee kwa afya, atavaa raba na kujipiga picha. Mwambie mzee wa Rungwe Mpya azunguke migomba bila sababu, majirani watamwita mkewe pembeni na kumuuliza ameanza lini.

Basi nilikuwa nimekaa pale, nimeshindwa, alipokuja Mzee Hilali. Huyu ni rafiki wa Rusigwa wa siku nyingi, ana duka la vipuri vya baiskeli mjini Kasulu, na babu yake alitoka pwani, kwa hiyo Kiswahili chake bado kina kanzu. Wakaongea, wakacheka, Hilali akaaga. Rusigwa, kwa mazoea, akaweka mikono kwenye kiti kutaka kuinuka. Dada yangu akamrudisha chini kwa bega. "Kaa. Mgonjwa hasindikizi," akamwambia. Rusigwa akakaa, akamwona rafiki yake anatoka peke yake uani, na uso wake ukaanguka. Hata kidole kilipokatwa sidhani kama alionekana mnyonge vile. Kwetu mgeni haachiwi mlangoni, maana ni kama umemfukuza.

Mimi nikaona dawa imepita mbele ya macho yangu imevaa baraghashia.

Nilimkimbilia Hilali akiwa anawasha pikipiki, nikamweleza ninachotaka. Hilali anapenda njama kuliko anavyopenda halua. Alirudi siku chache baadaye, akakaa, akanywa chai, akaaga, akaenda hadi mlangoni na kusimama. Akasimama tu pale, amejaa mlango mzima. Kisha akasema, "Rusigwa, nimekuja kwako kutoka Kasulu, vumbi limenijaa masikioni. Leo nitoke peke yangu kama mbuzi aliyefukuzwa shambani?"

Rusigwa aliinuka. Dada yangu alitaka kumzuia, nikamkanyaga mguu. Shemeji akashika fimbo yake, akamsindikiza mgeni hadi kizingitini, akarudi anahema, lakini kichwa kimesimama.

Kuanzia hapo niliwapika wageni wote. Niliwakamata njiani, kisimani, nje ya kanisa. Niliwaambia wasikubali kuagwa wakiwa ndani, na habari yoyote nzito waifiche mpaka wasimame kuondoka. Hilo halikuhitaji mafunzo, kwa sababu mgeni wetu huongea ya kawaida akiwa amekaa na ya maana akiwa ameshavaa viatu. Wakawa wanaianza habari mlangoni, inakolea kwenye kahawa, na mwisho wake haupatikani mpaka kisimani. Rusigwa, ambaye hawezi kuacha umbea ukaenda bila yeye, akafuata. Baada ya muda akawa anafika hadi barabara ya magari na kurudi, akilalamika kwamba watu wa siku hizi hawajui njia. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikuwahi kudhani itafika siku nitaiandika kama dawa, asubuhi na jioni.

Wakati huo huo nilimfundisha dada yangu kutafuta mapigo ya mguu. Nanyi jifunzeni, na muwafundishe ndugu wa mgonjwa. Weka vidole viwili kwenye mgongo wa unyayo, upande wa juu, pembeni kidogo ya ile kano inayoinuka mgonjwa akinyanyua kidole gumba. Weka kwa wepesi, kama unamgusa mtoto aliyelala. Usitumie kidole gumba chako, maana nacho kina mapigo, utajipima mwenyewe na kufurahi bure. Ukiyapata, weka alama kwa kalamu. Mama Devota akawa kila asubuhi kabla ya chai anaushika mguu wa mumewe, amefumba macho, anasikiliza kwa vidole. Wakaza wana wake walichungulia wakacheka. Mtaani ikavuma kwamba amepewa dawa ya kumfunga mume asitoke nyumbani. Nilimshauri asikanushe, kwa sababu wanawake walianza kumheshimu.

Mambo yakawa mazuri, na uzuri huo ndio uliotaka kutuponza. Rusigwa sasa alipita mashamba ya watu bila kusimama, akiyakosoa maharage huku anatembea. Akaona amepona. Vidonge ni vya mgonjwa, akajiambia, na mgonjwa gani anasindikiza watu hadi barabarani? Lakini alimwogopa mkewe. Akawa anaweka kidonge mdomoni mbele yake, anakunywa maji, anatoka nje na kukitema kwenye shina la mgomba. Sidhani kama kulikuwa na mgomba wenye damu nyepesi kama ule Rungwe Mpya nzima. Mgonjwa akianza kujisikia vizuri, wanangu, hapo ndipo mumuulize habari za vidonge, tena muulize na mkewe, tena mtazame nyuma ya nyumba.

Asubuhi moja simu yangu ililia nikiwa naingia zamu. "Skola," dada yangu akasema, "haipigi."

Nikamwambia atafute tena. Akasema ametafuta, na ameushika mguu wa pili kulinganisha, na ule wa kushoto unapiga. Wa kulia ni wa baridi, umepauka, na Rusigwa anasema ni ganzi tu, aachwe alale. Nikamwambia asiuchue, asiupashe moto, amlete sasa hivi kwa chochote chenye magurudumu. Akasimamisha pikapu ya muuza ndizi, akampandisha mumewe juu ya mikungu, wakaja.

Daktari wa Moshi alikuwa anatungoja mlangoni. Alishika mguu, akaagiza sindano ya kuzuia donge la damu lisiendelee kukua, na akapiga simu Mwanza huku gari la wagonjwa likiandaliwa. Nilimuuliza Rusigwa mara ya mwisho kumeza kidonge ni lini. Akatazama dari. Akasema habari ya mgomba. Nilitamani kumpiga, nawaambia kweli, na nilitamani kulia, na nilikuwa nimevaa sare kwa hiyo sikufanya lolote kati ya hayo. Mguu usiopata damu haungoji, na kutoka Kasulu hadi Mwanza unapita Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, kisha ndiyo kwanza safari inaanza.

Walipokuwa wanamwingiza kwenye gari akaushika mkono wa mkewe. "Mama Devota, wakitaka kukata, nirudishe nyumbani."

Dada yangu ni mtu asiyepandisha sauti, na hata siku hiyo hakupandisha. "Rusigwa," akasema, "mguu huu nimeushika kila asubuhi, wakaza wana wangu wananicheka. Sikuushika ili uende nao kaburini. Wakikata, utarudi na mmoja, na Jumapili utanipeleka kanisani na huo huo. Lala."

Akalala. Ilikuwa mara ya kwanza namwona shemeji yangu anatii bila kutoa maoni. Dada yangu akapanda naye, mlango ukafungwa, gari likaondoka, nami nikarudi wodini nikafanya kazi ovyo. Nilimpima joto mzee mmoja, nikarudi kumpima tena, akaniuliza kama nimesahau au nimempenda.

Kesho yake sikuwa zamu. Nyumbani palinishinda, nikaenda sokoni kununua migebuka ili mikono ipate shughuli. Nilikuwa nachagua samaki simu ilipolia. Sauti ya dada yangu ilikuwa mbali, nyuma yake kuna kelele za vitoroli na watu. Alinieleza kwamba usiku walimwingiza chumba cha upasuaji, wakalitoa donge kwenye ule mshipa, na asubuhi hii madaktari wamepita na wamesema kwamba... Nikamkatiza. Sikutaka kusikia walichosema madaktari. Nilimwambia aweke vidole.

"Nimeweka," akasema.

Nikasubiri. Nilijikuta nimemkamata samaki shingoni kwa mkono mmoja.

"Ipo," akasema Mama Devota. "Skola, ipo. Inagonga."

Nyuma yake nikaisikia sauti nyingine, kavu, imenuna kama kawaida. "Mwambie mimi si saa ya ukutani, aache kuniuliza kama nagonga. Na kidonge nimemeza. Hapa ghorofani hakuna mgomba."

Nikakata simu nikalia. Nililia pale pale, mbele ya meza ya samaki, mwanamke mzima wa kustaafu kesho kutwa, kamasi na machozi. Binti aliyekuwa anauza alishtuka, akanishika bega, akaniuliza taratibu nani amefariki.

"Hakuna aliyefariki, mwanangu," nikamwambia. "Ni mguu."

"Mguu umefanyaje, mama?"

"Uko hai."

Akanitazama usoni, akaitazama miguu yangu yote miwili, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akachagua mgebuka mmoja mnene, akauongeza kwenye mfuko wangu, akasema, "Chukua mama, pole sana na msiba." Nami sikumsahihisha.